Fisadi Ni Nani? Mhadhara juu ya neno tunalolipunja

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana wa nyuma, habari za jioni.

Waandaaji waliniomba nizungumzie neno moja la Kiswahili linalotaja watu wasio na maadili, nichague mwenyewe. Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Tunaye laghai, ayari, mnafiki, mzandiki, fasiki, kigeugeu, ndumilakuwili. Nimemchagua fisadi, kwa sababu kila mmoja wetu humu ndani anamtaja karibu kila wiki, na naamini neno hili tunalipunja. Lina nguvu kuliko kazi tunayolipa.

Tuanzie kanisani. Msomaji anasimama Jumapili, anafungua Wagalatia 5:19: "Basi matendo ya mwili ni dhahiri, ndiyo haya, uasherati, uchafu, ufisadi." Kijana wa leo akisikia neno hilo la mwisho, akili yake inakimbilia wizarani, kwenye zabuni, kwenye mikataba na akaunti za benki. Lakini waliotafsiri Biblia ile ya 1952 hawakuwa wanafikiria benki. Walikuwa wanataja utovu wa haya katika mambo ya mwili. Ndiyo maana Warumi 13:13 nayo inauweka ufisadi ubavuni mwa uasherati.

Watu wa mwambao nao, zamani, waliposema fulani ni fisadi walikuwa na maana ya jirani na hiyo. Fisadi alikuwa mwanamume anayeingia nyumba za watu kwa nia mbaya. Anakuja kwa heshima, anasalimia vizuri, anakaribishwa barazani, anazoeleka hadi uani, kisha anaharibu: mke wa mtu, binti wa mtu, jina la ukoo mzima. Naomba mshike hilo la kukaribishwa. Mwizi anavunja mlango. Fisadi amefunguliwa.

Sasa asili yake. Neno limetoka katika Kiarabu, fasād, yaani uharibifu, kuoza, kutoka katika hali njema kwenda katika hali mbovu. Huko linataja jambo. Mtu anayelitenda huitwa mufsid. Kiswahili kikafanya la kwake. Kikalichukua jina la uharibifu kikamvika mtu, huyo akawa fisadi, kisha kutoka kwa mtu kikaunda tena jina la jambo, ufisadi. Mimi napenda njia hiyo tuliyopita. Kwetu uharibifu haukuachwa uelee hewani, ulipewa mwili, ukapewa mtu wa kumwuliza.

Kuna watu huchanganya fisadi na fasiki, niliseme hili upesi. Ni mizizi miwili tofauti. Fasiki ni mtu aliyetoka katika utii wa Mungu. Anaweza kuwa fasiki peke yake chumbani bila kumgusa jirani. Fisadi lazima awe ameharibu kitu cha mtu mwingine.

Katika Kurani, Surat al-Baqara aya ya 11, wanatajwa watu wanaoambiwa wasifanye ufisadi katika ardhi, nao hujibu: sisi ni watengenezaji tu. Hebu lisikilizeni jibu hilo vizuri. Hawakani kuwapo mahali pale, hawakani kuwa na mkono katika kazi. Wanasema wanatengeneza. Neno la Kiarabu walilojibu nalo lina mzizi uleule uliotupa sisi suluhu, suluhisha na maslahi. Kwa hiyo kinyume cha ufisadi, katika lugha tuliyoukopa, ni ukoo wa neno maslahi. Na leo mkataba mbovu unapotetewa bungeni au kwenye redio, unatetewa kwa neno gani? Maslahi mapana ya taifa. Aya hiyo ina karne kumi na nne, na jibu la mafisadi halijabadilika hata herufi.

Vipi basi neno la uani likafika Hazina?

Kwa muda mrefu Tanzania ilikuwa na neno jingine, rushwa. Wazee wangu hapa mbele mnaikumbuka ahadi ya mwanachama wa TANU, chama kilichotuletea uhuru: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Angalieni vitenzi viwili vilivyomo, kupokea na kutoa. Rushwa ina mikono miwili. Kuna mwenye shida na mwenye mhuri, na katikati kuna kitu kinachopita. Neno hilo lilitosha kwa askari wa barabarani, kwa karani wa ardhi, kwa hakimu wa mwanzo. Hata taasisi yetu, TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, imebeba rushwa katika jina lake, na sheria yake ya mwaka 2007 ni ya kuzuia na kupambana na rushwa. Wenzetu wa Kenya wao walikwishapanua neno ufisadi likabeba yote, kuanzia noti inayokunjwa ndani ya leseni ya dereva hadi mabilioni. Tume yao inaitwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Wala siwashangai. Walipitia Goldenberg miaka ya mwanzo ya 1990, ambapo serikali ililipa fidia kubwa kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo. Tafuteni mkono wa mtoaji hapo. Hamtauona.

Kwetu siku ya neno hili ilikuwa 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke. Dk. Willibrod Slaa, wakati huo mbunge wa Karatu na katibu mkuu wa Chadema, chama cha upinzani, alisimama mbele ya umma akasoma orodha ya watu aliowaita mafisadi. Hapa sizungumzii nani alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo. Nazungumzia neno. Kabla ya siku ile, fisadi katika gazeti la Tanzania lilikuwa neno la hapa na pale. Baada yake, mama muuza vitumbua alilijua.

Na nataka mjue kwa nini lilikubalika upesi vile. Lilikubalika kwa sababu rushwa ilikuwa imeshindwa kueleza kilichotokea. Chukueni EPA. Ile ilikuwa akaunti ndani ya Benki Kuu ya kulipia madeni ya nje. Ukaguzi ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilikuwa zimelipwa isivyo halali kwa kampuni 22, na Januari 2008 gavana wa benki hiyo akaondolewa. Sasa niambieni, mwananchi wa Nachingwea katika habari ile alimpa nani hongo? Hakumpa mtu kitu. Hakujua hata kwamba akaunti hiyo ipo. Fedha zilitoka kwa makaratasi, ndani ya nyumba, kwa mikono iliyoaminiwa funguo. Watu walihitaji neno la mtu aliyekaribishwa ndani akaharibu, wakalikuta tayari, limewasubiri tangu enzi za babu zao. Pamoja nalo likaja joto lake lote la zamani, ile aibu ya chumbani, ile hasira ya baba mwenye nyumba. Ndiyo maana waziri au mkurugenzi anaweza kuvumilia kuitwa mzembe, lakini akiitwa fisadi anatafuta mwanasheria.

Neno lenye moto huo halikai mikononi mwa mtu mmoja. Aprili 2009 marehemu Reginald Mengi aliwataja wafanyabiashara wenzake kuwa "mafisadi papa". Mmoja wao akamrudishia: yeye ni "fisadi nyangumi". Magazeti yakafurahi, mitaa ikafurahi. Mimi naona pale ndipo neno lilipoanza kuumia. Likawa kombora la kurushiana, likapimwa kwa ukubwa wa samaki, na swali la nini hasa kimeharibiwa, tena cha nani, likaachwa nyuma. Mwaka 2011 chama tawala nacho kikaja na kujivua gamba, yaani kampeni ya kuwaondoa uongozini waliotuhumiwa ufisadi. Mwaka 2015 Chadema ileile ya Mwembeyanga ikamsimamisha kugombea urais Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 katika sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, naye siku zote alikana kutenda kosa. Dk. Slaa akaondoka. Wanaounga mkono uamuzi ule wana hoja zao za kisiasa, na wanaoupinga wanazo zao. Ila mtu wa lugha anaona jambo moja: watu waliokuwa wamelibeba neno kwa miaka minane walilishusha chini kwa wiki chache, na tangu hapo halijawahi kuwa zito vilevile midomoni mwa wanasiasa. Lilionekana kuwa ni jina la mtu aliye upande wa pili.

Mwaka 2016 ikaja ile inayoitwa Mahakama ya Mafisadi. Wanafunzi wa sheria wanajua kwamba hakuna mahakama yenye jina hilo. Kuna divisheni ya Mahakama Kuu inayoshughulikia makosa ya rushwa na uhujumu uchumi. Jina la Mafisadi ni la mitaani na la magazeti, nami nalipinga waziwazi, kwa sababu linamhukumu mtu mlangoni. Anayeingia mahakamani ni mshtakiwa. Ukimwita fisadi kabla ya hukumu, umemtoa hakimu kwenye kiti.

Hofu hii siitoi hewani. Wazee mnaukumbuka mwaka 1983. Maneno ya wakati ule yalikuwa mlanguzi na mhujumu uchumi. Bidhaa zilikuwa hazionekani madukani, sabuni na sukari zilikuwa za kutafutwa kwa tochi, na msako ulipoanza, neno mhujumu lilikamata watu wa kila kimo, mwenye ghala na mwenye kiduka cha mifuko michache. Sheria maalumu ya mwaka ule ilibidi ibadilishwe mwaka uliofuata tu, 1984. Neno kali lisilo na mipaka huwafikia wadogo kwanza, kwa sababu wadogo ndio wasio na pa kukimbilia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nilichague neno hili. Naomba tulitazame bila haraka.

Sheria yetu ya 2007, kifungu cha 25, inamfanya mkosaji mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa kazi, cheo, haki au upendeleo. Kosa hilo tunaliita rushwa ya ngono. Mhadhiri anashikilia matokeo ya mwanafunzi. Meneja anashikilia mkataba wa msichana aliyemaliza chuo juzi. Mhariri anashikilia nafasi ya mwandishi anayejitolea. Ninawashukuru waliopigania kifungu hicho, na wanaharakati wanaoendelea kulitangaza kosa hili hadi vyuoni. Lakini jina, jina hili tulilolipa, linaniuma.

Rushwa ina mikono miwili, nimeshasema. Ukisema rushwa ya ngono, lugha yenyewe inauliza: nani ametoa? Na jibu linamwangukia yule binti. Yeye ndiye aliyetoa. Maana yake naye kapata alichotaka, naye ni mshirika, na ile ahadi ya zamani ya sitapokea wala kutoa inamgeukia yeye. Msidhani nacheza na maneno. Mwaka 2024, sheria hiyo ilipokuwa ikirekebishwa, lilikuja pendekezo la kumfanya anayetoa ngono kwa mwenye mamlaka naye awe mkosaji, na watetezi wa wanawake wakalipinga kwa nguvu. Sisemi kwamba pendekezo lile lilizaliwa na neno peke yake. Nasema neno lilikuwa limekwishamtandikia kitanda.

Weka fisadi mahali pake uone. Mhadhiri anayemdai mwanafunzi mwili wake ili ampe alama aliyoistahili ni fisadi kwa maana ya bibi zetu na kwa maana ya Mwembeyanga, zote mbili kwa pamoja. Ameharibu mtu, na ameharibu ofisi. Aliaminiwa watoto wa watu na mhuri wa umma, akavitumia vyote viwili kwa uchu wake. Sidhani kama kuna mahali pengine ambapo maana hizo mbili zinakutana wazi namna hii. Tena neno fisadi halina mwenza. Hakuna "mtoaji" wa ufisadi. Kuna aliyeharibu na kuna kilichoharibiwa, basi, na lawama inakaa pale inapotakiwa kukaa. Mimi darasani kwangu nasema ufisadi wa kingono. Wanasheria wataniambia kesi haifunguliwi kwa neno hilo, na wako sahihi, kesi ifunguliwe kwa lugha ya sheria. Lakini mama anayemsimulia jirani yake, mchungaji anayehubiri, khatibu juu ya mimbari, mwandishi anayetafuta kichwa cha habari, hao hawafungwi na kifungu.

Wakati neno hili kali tunalitupa ovyo kwa wapinzani wa kisiasa, tumejaza lugha maneno laini ya kuwapakata mafisadi halisi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima. Takrima, neno zuri la ukarimu, mgeni kupewa maji na chakula! Likafunika pilau na kanga za mgombea mpaka Mahakama Kuu ilipovitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Leo tuna mpigaji na upigaji. Kijana anamtaja mtu aliyekausha fungu la ujenzi wa zahanati, anasema "jamaa mpigaji yule", na sauti yake ina husuda ndani. Mtu akiteuliwa kwenye cheo tunampigia simu: "Umeula!" Hatumwulizi atafanya nini, tunampongeza kwa chakula ambacho hajapika. Tukiulizwa, tunajitetea kwa methali kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kwamba ndivyo dunia ilivyo.

Kuna na chawa. Wazee wa mbele huenda hamlijui kwa maana yake mpya. Siku hizi chawa ni mtu anayemganda mwenye fedha au mwenye cheo, anamsifia asubuhi na jioni ili naye apate. Kinachonishtua ni kwamba wapo wanaojiita hivyo wenyewe, kwa fahari. Waliotutangulia walisema kikulacho ki nguoni mwako. Aliyetungiwa methali ile ni mdudu aliyejificha kwenye mshono na kunyonya damu, naye sasa ametoka nje ya mshono, amejitambulisha, na anashangiliwa. Chawa bado hajawa fisadi, nikiri hivyo, maana anayemharibu kwanza ni yeye mwenyewe. Lakini fisadi hawezi kuishi bila chawa. Anamhitaji mtu wa kusema kwamba yeye ni mtengenezaji.

Nimalizie na sarufi, maana bila hiyo wanafunzi wangu hawatanielewa nilikuja kufanya nini.

Fisadi, wingi mafisadi. Ni nomino ya mtu, kwa hiyo upatanisho wake ni wa kiumbe hai: fisadi huyu ameiba, mafisadi hawa wamekula. Kule mitaani mnasikia "fisadi hili", "lifisadi lile". Huko ni kumtoa mtu katika ubinadamu kwa viambishi, sawa na tunavyosema jizi badala ya mwizi. Naielewa hasira hiyo. Katika maandishi, na hasa katika habari, siitaki, kwa sababu jitu halishtakiwi na wala halijibu maswali. Mtu ndiye anayejibu.

Kitenzi cha zamani ni kufisidi; wengi sasa husema kufisadi, nami sitagombana nao. Ninachowaomba ni kukumbuka kwamba kitenzi hiki kinadai yambwa, yaani kile au yule anayetendwa. Mtu hafisidi tu. Anafisidi kitu, au anafisidi mtu. Sentensi ya "fulani ni fisadi" ni rahisi kuitamka jukwaani, haigharimu chochote. Jaribuni kuigeuza iwe kitenzi: fulani amefisidi. Mara moja msikilizaji anasubiri. Amefisidi nini? Fungu la dawa la hospitali gani, la mwaka upi? Msitu gani? Mwanafunzi wa nani? Mwandishi asiyeweza kuijaza nafasi ile ya yambwa hana habari bado. Arudi kazini. Na akiijaza, basi mpaka hukumu itoke aandike "anatuhumiwa kufisidi", neno kwa neno, hata kama shingo imemvimba kwa uchungu.

Limebaki moja ambalo sina jibu lake, na ndilo ninalowaachia. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji. Wizi una mwizi na mwibiwa. Ufisadi una fisadi, lakini yule aliyeharibiwa hana jina. Tunamwita mwathirika, ambalo pia ni jina la aliyekumbwa na mafuriko au ajali ya basi, mambo yasiyo na mtu wa kulaumiwa. Sarufi inaturuhusu mfisidiwa, ila sijasikia mtu akilitumia katika mazungumzo ya kawaida, na neno la kamusini peke yake halimsaidii binti yule. Labda Pemba lipo. Labda Lamu, au Kigoma, au kwa bibi yako. Aliye nalo aje pale mbele kwa dada mwenye kipaza sauti, atutajie na atuambie alilisikia kwa nani.